Jina Nililolitaja Mbele ya Wazee

Yunisi mwanangu,

Mambo ya soksi, sabuni na kutoacha simu yako ikichajiwa kwa watu nimeyasema tangu Jumatatu, na nimekuona unavyovuta midomo. Sitayarudia hapa. Ninaandika kwa sababu kuna jambo moja ambalo nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula. Kwenye karatasi siwezi kukuuliza kama umekula.

Yafeti si baba yako.

Soma tena kama unataka. Hajawahi kuwa baba yako, na hajawahi hata kunishika mkono. Jina lake umelibeba tangu ubatizo. Liko kwenye cheti chako cha kidato cha nne, liko pia kwenye barua ya chuo cha uuguzi uliyoikunja vizuri ndani ya Biblia. Nililiweka mimi hapo, na nililiweka nikijua ninachofanya.

Kesho unaondoka, na Jumapili nitasimama kanisani kuyasema haya mbele ya watu wote. Sitaki uyasikie kwenye simu kutoka kwa mwenzako wa kwaya. Kwa hiyo niache niyaeleze tangu mwanzo, na uniwie radhi kama mwandiko unakwenda upande. Nimetoka kupalilia karoti za watu na mikono imechoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kidato cha nne nilikuwa nimefeli, kazi yangu ikawa kubeba matenga ya kabichi kutoka mashambani hadi barabarani, kwenye Fuso za kwenda Dar es Salaam. Baba yako alikuwa utingo wa gari mojawapo. Nilimjua kwa jina la Musa tu. Jina la baba yake sikuwahi kuuliza, na nilipomuuliza kwao ni wapi alisema, "Mbali kidogo, kule chini," nikaridhika na jibu hilo. Alikuwa na mwanya kama wako. Hakunilazimisha, usije ukamjengea ubaya ambao hakuufanya. Nilipomwambia nina mimba alisema, "Nipe wiki moja, nikaongee nyumbani." Gari likashuka Soni, likashuka Mombo, na safari iliyofuata lilikuja na utingo mwingine. Namba yake haikupatikana tena. Hayo ndiyo yote niliyo nayo kuhusu baba yako. Ningekuwa na zaidi ningekupa.

Miaka ile mtaa wetu wa kanisa ulikuwa mkali kuliko unavyouona leo. Msichana akipata mimba nje ya ndoa alitengwa na Meza ya Bwana. Akishajifungua alikwenda mbele ya wazee wa kanisa, akahojiwa, akamtaja mwanamume, na Jumapili akasimama mbele ya watu akatubu. Ndipo aliporudi kundini. Mtoto habatizwi mpaka mama arudi, na kwa wazee wetu wale, mama harudi mpaka ataje.

Bibi yako alinipeleka mwenyewe, wewe ukiwa mgongoni kwangu, una miezi miwili. Njia nzima alisema neno moja tu: "Ukinirudisha nyumbani na mtoto asiye na jina, mtalala kwa kuku." Hakuwa anatania. Mama yangu hakuwa mtu wa utani.

Wazee walikuwa saba. Waliuliza, nikanyamaza. Mama mmoja miongoni mwao, aliyekuwa akinisuka nywele nilipokuwa mdogo, akasema, "Mimba haiji na ukungu, binti. Taja mtu."

Wakacheka. Mzee wa pembeni akasema, "Labda hajui ni yupi. Mwacheni ahesabu kwanza."

Wakacheka tena, na safari hii bibi yako akacheka nao. Mpaka leo kicheko cha mama yangu ninachokisikia kichwani ni kile. Alikufa, nikamzika, nikamlilia, lakini nikimkumbuka ninaanza na kile.

Ningeweza kusema ukweli. Ni utingo, anaitwa Musa, simjui kwao. Niliona jinsi ambavyo wangeupokea. Nikatafuta kichwani jina ambalo nikilitaja watanyamaza.

Yafeti alikuwa na miaka ishirini na sita. Alifundisha shule ya Jumapili, na mtaa ulikuwa umemchagua aende chuo cha Biblia awe mwinjilisti. Siku moja ya mvua tenga lilikuwa limenidondoka kwenye mteremko, kabichi zikabingirika mpaka mtoni. Alipita, akaziokota pamoja nami, akalibeba tenga mpaka barabarani. Wanawake wawili walituona. Basi. Nilijua wale wanawake wakiulizwa watasema, "Ndiyo, tuliwaona." Nilijua pia kwamba Yafeti ni mpole na hajaoa, nikajiambia akibanwa atanioa na mambo yataisha. Nakueleza hivi ili usije ukanitetea kwa kusema mama alikuwa na hofu. Hofu ilikuwepo. Lakini nilipanga pia.

Nikasema, "Yafeti."

Wakanyamaza kama nilivyotaka.

Walimwita palepale. Alikuja na tope miguuni, akawaamkia wote, akaniuliza mtoto hajambo. Wakamwambia. Akasema, "Sikufanya."

"Kwa nini basi amekutaja wewe?"

"Hilo muulizeni yeye."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, Yunisi. Alikuwa ananingoja. Alinipa muda wa kutosha kabisa wa kusema neno moja. Mimi nikaanza kukufunga vizuri kwenye kanga, ingawa ulikuwa umefungwa vizuri.

Mzee kiongozi alikuwa anampenda, akamtafutia njia. Akamwambia, "Kijana, kiri tu. Ukikiri leo, Jumapili unarudi pamoja naye, mwakani unakwenda zako chuo. Nani hajawahi kuteleza?"

Yafeti akafikiri kidogo. Akasema, "Mzee, siwezi kumwomba Mungu msamaha kwa kitu anachojua sikukifanya. Atanishangaa."

Yule mama wa nywele akamwambia, "Una kiburi."

"Labda ninacho," akasema. "Lakini hili sikulifanya."

Wakamtenga mpaka atakapotubu. Mimi Jumapili nilisimama mbele, nimevaa kitenge cha kuazima, nikatubu. Nililia sana. Watu walisema hayo ndiyo machozi ya toba yenyewe. Nikala mkate, nikanywa divai, na wewe ukabatizwa siku hiyohiyo: Yunisi, binti Yafeti. Yeye alikuwa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na amekaa benchi hilo miaka kumi na saba. Unalijua. Kila Jumapili anakuja, anaimba, anasikiliza, na watu wakiinuka kwenda Mezani anabaki. Nafasi ya chuo ilipewa mtu mwingine. Wazazi wa nyumba mbili walimnyima binti zao alipotaka kuoa. Angeweza kuyamaliza yote kwa sentensi moja ya uongo. Hakuisema.

Mimi niliisema, na nikaitwa aliyerudi.

Unamkumbuka yule bibi aliyekuwa akikuletea matunda ya plamsi na kukuita mjukuu, ukiwa na miaka minne mitano? Ni mama yake Yafeti. Aliniamini mimi kuliko mwanawe. Alikutazama masikio akasema ni ya ukoo wao. Alimwambia Yafeti, mbele yangu, "Unamkana hata huyu? Usinipikie tena, sitakula chakula cha mwongo." Akahamia kwa binti yake kule Gare, na kule akafia. Nilikuwepo wakati anayasema maneno hayo. Ulikuwa mapajani mwake, unakula plamsi zake. Sikufungua mdomo. Nilifikiri, akijua ukweli atakunyang'anya yale mapenzi, na wewe hukuwa na watu wengi wa kukupenda. Unaona uovu unavyoweza kuvaa nguo ya mama.

Na wewe nilikufundisha. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu ulikuwa mtoto mwenye adabu. Ulikuwa na miaka sita nikakuambia, "Yule mtu amekukataa. Usimpe shikamoo." Hapa kwetu mtoto anampa shikamoo hata mlevi aliyelala mtaroni. Nikakufundisha upite mbele ya mtu mzima na ndoo yako kama unapita mbele ya kisiki. Siku ya kwanza ulirudi umeshangaa, ukaniambia, "Mama, sijamwamkia lakini ameitikia. Amesema marahaba, Yunisi." Nikakuambia ni mwehu. Akaendelea kuitikia salamu usizompa mpaka ukawa mkubwa, ukaanza kuzunguka njia ya juu ili usimsikie.

Siku ya kipaimara chako, nje ya kanisa, wenzako walikuuliza baba yako yuko wapi katika picha. Ukasema, "Mimi sina baba. Nina mtu wa kulinda mlango." Watu walicheka mpaka mashemasi wakacheka. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, ameshika zawadi imefungwa kwenye gazeti. Aliondoka nayo. Mimi nilicheka pia. Sijui kama uliniona. Nilicheka, na nilisikia kicheko changu kinafanana na cha nani.

Utauliza, Mungu alikuwa wapi, mbona hakunifanya kitu? Nami nilimngoja. Miaka ya mwanzo kila ulipopata homa nilisema ndiyo leo. Ulipopona nikasema amesahau. Mwaka ule mvua ilipobomoa mlima, matuta ya Yafeti yalishuka yote na viazi vyake mpaka bondeni, shamba nililolima mimi halikuguswa. Watu walisema, "Mnaona? Mungu anaonyesha." Unajua nilifanya nini? Niliamini. Nilijua ukweli wote na bado nikaamini kwamba Mungu yuko upande wangu kwa sababu karoti nilizolima zimesimama. Niliimba kwaya, nilifunga Kwaresima, niliombea wagonjwa na wengine wakapona. Mtu anaweza kufanya hayo yote huku moyoni anaamini kwamba hakuna mtu juu kule anayetazama. Maana kama ningeamini kweli kwamba anatazama, ningewezaje kupokea mkate ule hata mara moja?

Yafeti aliamini yupo. Ndiyo tofauti yetu, na ni ndogo hivyo. Mimi niliwaogopa watu saba waliokuwa kwenye viti. Yeye alijua kuna wa nane mle chumbani.

Sasa kilichonigeuza, na wala si kitu kikubwa. Wiki mbili zilizopita mke wa mchungaji alikuja hapa na uso wa furaha. "Mama Yunisi, Jumapili ya shukrani utatupa ushuhuda. Wasichana wetu wanahitaji mfano. Ulianguka, ukarudi kundini, ukalea peke yako, leo mtoto anakwenda kusomea uuguzi." Nikakubali. Siku iliyofuata, nikiwa shambani, nikaanza kufanya mazoezi kwa sauti: Bwana asifiwe, mimi ni ushuhuda. Nikarudia. Mara ya tatu sauti haikutoka. Nilisimama na jembe langu kama mtu aliyesahau amekuja shamba kufanya nini, mpaka mwenye shamba akaniita, "We mama, unalipwa kusimama?"

Jumanne nilikwenda kwa Yafeti. Alikuwa anapanda majani ya ng'ombe kwenye kingo za matuta mapya. Nikamwambia, "Shikamoo, kaka Yafeti."

Akainuka taratibu. "Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Basi sema, mvua inakuja."

Nikasema yote, nimesimama. Musa, kabichi, wale wanawake wawili, ya mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti. Nadhani aliona, akasema, "Usipige magoti, ni tope." Akakaa kwenye ukingo wa tuta.

Nilingoja aniambie amenisamehe. Nakuambia wazi, ndicho nilichokifuata. Hakusema. Alisema, "Mama yangu alikufa akiniita mwongo. Hilo utalirudishaje?"

Nikatazama chini, kwenye tope. 

Nikamuuliza, "Ulikaaje kwenye benchi lile miaka yote?"

"Nilikuwa nakwenda kusali. Benchi ni benchi."

"Na Mezani?"

Akapangusa tope mikononi. "Hapo paliniuma," akasema. "Nisikudanganye. Wenzangu wakiinuka nilikuwa nalishika benchi kwa mikono miwili. Kuna mwaka nilikaribia kukiri ili nipate tu kwenda. Nilifika mpaka kwa mchungaji, nikamkuta amesafiri." Akacheka kidogo. "Nikasema basi, hata Mungu hataki nidanganye."

Nikamwambia Jumapili nitayasema kanisani. Nilifikiri atafurahi. Akaniuliza, "Mtoto anajua?"

"Bado."

"Kanisani ulishaanzia mara ya kwanza," akasema. "Safari hii anzia kwake." Akachukua jembe lake akaendelea na kazi. Nilisimama kidogo, halafu nikaondoka. Hakunisindikiza, na hakukuwa na sababu ya kunisindikiza.

Ndiyo maana unaletewa haya leo, siku ambayo ningepaswa kukuchinjia kuku.

Mwanangu, huko unakokwenda utakutana na watu wanaoomba kwa sauti kubwa, na wengine watakupenda, na wengine watakutaka. Usiwapime kwa maombi yao, na usinipime mimi kwa yangu. Utavaa sare nyeupe. Iko siku utampa mgonjwa dawa isiyo yake, au utasahau kumpa iliyo yake, kwa sababu umechoka na ni mtu. Muuguzi wa zamu atauliza ni nani. Sema saa ileile. Kama unaamini kwamba Mungu yupo wodini, sema saa ileile, hata wakicheka, hata wakikufukuza. Ukingoja mpaka kesho utapata sababu ya kungoja kesho kutwa. Mimi nilipata sababu za kutosha miaka kumi na saba, na kila moja ilikuwa na jina lako ndani yake. Nilikuwa nasema ni kwa ajili ya Yunisi. Sasa ninakuondolea mzigo huo: haikuwa kwa ajili yako.

Sijui kama mimi nina imani. Nimeitwa mwanamke wa imani muda mrefu mpaka sijui ikoje. Ninachojua ni kwamba Jumapili nitasimama, na kwa mara ya kwanza sitajua watu watafanya nini, na ninakwenda hivyohivyo. Labda inaanzia hapo. Watanitenga, na wana haki. Wengine watasema nimerogwa. Yule mama wa nywele yuko hai, bado ni mzee wa kanisa, nitamtazama wakati ninasema. Kama watamwita Yafeti mbele wamwombe radhi, ni juu yao. Kama hatakwenda, ni juu yake.

Na wewe, sikuombi kitu. Usinisamehe kwa sababu ya safari, wala kwa sababu nimechoka, wala kwa sababu mama ni mmoja. Mimi nilisamehewa haraka na watu wasiojua wanasamehe nini, na unaona kilichotoka humo. Ukitaka kukaa mwaka bila kunipigia, kaa. Jina la Yafeti ukitaka kulitoa kwenye vyeti, nitakwenda nawe ofisi zote na kuapa popote watakapotaka. Ukitaka kubaki nalo, kamwombe mwenyewe. Ni lake, si la kwangu kukupa mara ya pili.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako, ukaifungue ukiwa umeshafika, mimi niko huku mlimani na machozi yako hayanifikii. Nimeifikiria hiyo tangu asubuhi. Ni Mama Yunisi yuleyule anayekufunga vizuri kwenye kanga ili asitazamwe usoni.

Uko uani, unasugua viatu, nasikia brashi. Bado kuna mwanga wa kusomea. Sasa ninaweka kalamu chini, ninakuita ndani, ninakupa mkononi. Nitasimama hapo mbele yako mpaka umalize, na utakaponitazama sitatazama chini.

Mama